Harufu ya Jik Kwenye Banda la Fancy

Seth Ojwang walimpata asubuhi, nyuma ya mlango, mkono mmoja bado umeshika komeo.

Alikuwa amelala kifudifudi. Blanketi lake jekundu lilikuwa limeburutwa naye kutoka kwa godoro mpaka pale mlangoni, na ule upande wake uliokuwa umelala sakafuni haukuwa mwekundu tena. Ulikuwa mabaka-mabaka meupe, kama nguo ambayo mtu amemwagia Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo.

Inspekta Molly Amolo aliinama kuangalia uso wa marehemu, akakohoa. Akasimama wima, kikohozi kikaisha. Akainama tena, kikarudi.

"Kimutai."

"Afande."

"Inama hapa unuse."

Konstebo Kimutai akainama. Alipoinuka macho yalikuwa yanatoa machozi. "Ni Jik, madam. Kuna mtu ameosha hapa."

"Ameosha na nini? Sakafu ni vumbi tupu. Wewe umeona ndoo hapa?"

Ndoo haikuwako. Kulikuwa na meza ndefu, na juu ya meza matangi ya plastiki yamepangwa, ndani yake vibao vyeusi vimesimama kwenye maji kama vitabu. Misumari ya mlango ilikuwa mipya, lakini ilikuwa imeshika kutu nyekundu kama ya miaka mingi. Kidirisha cha chini, karibu na godoro, kilikuwa kimefungwa na kuzibwa na gunia.

Molly alimwangalia Seth tena, na hapo ilibidi asahau kidogo kwamba yeye ni polisi. Maana alimjua. Molly alizaliwa kambini, kule kwenye mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho, na Seth alikuwa jirani yao, mchumaji wa majani mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Mashine za kuchuma zilipokuja, watu wa kambi wakafungashwa, na Seth akaishia huku nje ya Chepilat, mlinzi wa usiku. Na anachokilinda ni nini? Stima, umeme wa kuendesha mashine ya kuchuma majani. Alikuwa anacheka nayo mwenyewe: "Mashine ilinifukuza kazi, sasa ndiyo tunalala nayo chumba kimoja."

Hiyo stima ni kazi ya Fancy Chepkurui. Banda lilikuwa la baba yake mdogo, Mzee Robert Kipngeno, mwenyekiti wa wakulima wa pale, na yeye ndiye alimpa huyo msichana nafasi. Fancy alisoma mpaka chuo kikuu, halafu akarudi nyumbani, jambo ambalo watu hawakulielewa. Mashina ya chai yanayobaki baada ya kukatwa, yale watu wanapikia ugali, yeye alikuwa anayageuza makaa ya namna yake, anayasaga laini kama unga wa wimbi, anayapaka kwenye vibao, anavitumbukiza kwa maji ya chumvi. Basi. Stima inakaa pale. Ukiuliza ni betri, anakwambia hapana, ni kapasita. Betri inakula polepole, hii inameza mara moja na kutema mara moja. Wengine huko nje wanatumia dawa inayoshika moto mahali pa maji. Fancy alikataa. Alisema maji hayaungui, na mkulima hawezi kulala na kitu kinachoungua.

Sasa alikuwa ameketi nje kwenye nyasi, hajavaa viatu.

"Wewe ndiye mwenye hii mitambo?" Molly akamuuliza.

"Ni yangu. Na ni mimi nimemuua Seth."

"Ngoja kwanza. Umemuua na nini?"

"Maji yana mwisho wake, madam. Ukiyapa volti nyingi yanavunjika, yanakuwa gesi. Nilipandisha kidogo kwa sababu ya wageni. Kuna wageni wanakuja kuona mtambo. Nikaacha stima inayozalishwa mtoni ichaji mpaka asubuhi."

"Gesi gani?"

"Haidrojeni na oksijeni."

"Inanuka?"

"Hainuki."

"Inaenda wapi?"

"Juu. Ni nyepesi. Ndiyo nikaweka lile tundu kwenye paa."

"Seth alikuwa analala wapi?"

"Chini."

"Umewahi kupandisha hivyo siku nyingine?"

"Mara nyingi. Hata mimi nimelala humo."

"Basi imemuua vipi?"

"Sijui. Lakini volti ni yangu."

Alipelekwa kituoni. Bosi wa kituo alifurahi kama mtu aliyepewa chai ya bure. "Amekubali mwenyewe. Kuua bila kukusudia. Kesho asubuhi kortini, na wewe Amolo uende ulale."

"Afande, maelezo yake na maiti haziongei kitu kimoja."

"Zitaongeana mbele ya hakimu. Una mpaka kesho."

Daktari wa mochari alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwonyesha Molly mapafu, akasema yamejaa maji kama ya mtu aliyezama, na huyu hajaona mto.

"Ni nini, daktari?"

"Klorini. Ile ile iliyo ndani ya Jik. Gesi nzito. Inatambaa chini, inajaza chumba kuanzia sakafuni. Aliyesimama anaweza kupona, aliyelala haponi."

"Na hiyo ya Fancy, haidrojeni?"

"Hiyo ingetoka kwa paa iende zake."

Molly akaenda kwa mke wa marehemu. Janeffer alikuwa ameketi katikati ya wanawake wa kanisa, halii, anapasua kuni ndogo-ndogo kwa mikono bila kujua anafanya hivyo. Alipomwona Molly akasema, "Nyathina," mwanangu, na ndipo machozi yakamtoka.

Molly akamshika mkono, akakaa naye mpaka akatulia. Halafu akauliza, taratibu, "Mama, mliongea naye jioni?"

"Alipiga simu. Akaniambia hewa ya leo inamkwaruza koo. Nikamwambia fungua dirisha. Akasema Mzee Robert amepita jioni, amemwambia afunge kidirisha cha chini na aweke gunia."

"Alisema kwa nini?"

"Eti chumvi inashika unyevu."

"Na yeye mwenyewe hakutaka kutoka?"

Janeffer akavunja kijiti kingine. "Nilimwambia, wewe toka ulale nje kwa veranda. Akasema, nikilala nje na kitu kimoja kipotee, watasema ni yule mgeni. Miaka yote hii, Molly. Watoto wetu wanaongea Kipsigis kuliko Kijaluo. Na bado aliogopa kuitwa mgeni."

Molly alimwokotea vile vijiti, akaaga.

Alirudi bandani, akachota chumvi kutoka kwenye gunia la Fancy, ambalo lilikuwa na lebo ya Fancy na mwandiko wa Fancy. Akaipeleka selo kwa Fancy, ndani ya karatasi.

"Maji yako unachanganya na chumvi gani?"

"Salfeti ya sodiamu."

"Ina klorini?"

"Hata kidogo. Ndiyo maana niliichagua. Chumvi ya kawaida ndiyo ina klorini. Ukiweka hiyo, halafu upandishe volti..."

"Endelea."

"Inatoa."

Molly akafungua ile karatasi. "Hii imetoka kwa gunia lako."

Fancy akaisugua kati ya vidole. Yake ilikuwa unga laini. Hii ilikuwa chenga-chenga, kama mawe madogo. Akaweka moja kwenye ulimi.

"Hii ni chumvi ya kawaida, ya kula," akasema polepole. "Ile ya kulambisha ng'ombe."

"Nani alichanganya maji mara hii?"

Mahabusu wa selo ya pili alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, anakosea maneno.

"Fancy. Nani?"

"Nilikuwa Nairobi. Niliporudi nikakuta yameshachanganywa."

"Na hukupima?"

"Wewe unaweza kupima mkono wa baba yako, madam? Akwambie amekupimia, wewe utoe mizani mbele yake?"

Alipomaliza kusema hivyo, akasikia alichosema. Molly aliona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Fancy akaikunja ile karatasi vizuri, akamrudishia.

"Andika ni mimi," akasema.

"Sasa unajua si wewe."

"Baba yangu alikufa nikiwa darasa la tatu. Baba mdogo ndiye aliuza ng'ombe nikaenda sekondari. Andika ni mimi. Kesho nitasema ndiyo, na hakimu hatakuuliza wewe."

Na kweli, angesema ndiyo. Molly alikuwa amewahi kuona watu wakifungwa kwa sababu walisema ndiyo.

Mzee Robert Kipngeno aliwapokea vizuri. Mtu mrefu, mpole, kofia mkononi. Aliwaitia chai, akawaombea kabla ya kunywa, akamtaja Seth kwenye maombi. Geti lilikuwa limepakwa rangi mpya.

"Mna sherehe, mzee?"

"Koito, posa ya kijana wangu, Gibson. Wazee wa upande wa msichana walikuja wakaangalia ng'ombe wa mahari. Wakaridhika. Watu wakubwa hao, watu wa heshima. Sasa na huu msiba..." Akatikisa kichwa.

"Ulionana na Seth jioni?"

"Nilipita kumsalimia tu."

"Ulimwambia kitu?"

"Nilimwambia asisinzie." Akatabasamu kidogo. "Ni maneno ya kawaida na mlinzi."

Hakutaja kidirisha. Molly hakumwuliza. Aliomba tu anyooshe miguu kwenye boma, na Kimutai akamfuata. Kimutai ni mtoto wa hapa, alichunga kabla hajajua kusoma, na mbele ya ng'ombe anasahau kwamba ana bunduki. Alizunguka, akainama, akaangalia mikia.

"Madam, kuja."

"Ni nini?"

"Hawa wanne waliotengwa. Ona mkia. Ona ukuta."

Ukuta ulikuwa umerushiwa mavi mpaka karibu na paa, yamekauka.

"Wamehara," akasema Molly.

"Wamehara sana. Ona mbavu. Na wale wengine kule mavi yao ni mazuri, ungeweza kukandika nyumba. Na wanakula nyasi moja, wanakunywa mto mmoja."

"Hawa wanne ni wa nini?"

Kimutai akakuna shingo. Ilionekana jambo lenyewe linamtia haya. "Ni wa koito, nafikiri. Madam, kuna kitu wachuuzi wa ng'ombe wanafanya. Ukitaka ng'ombe aonekane amenona, unamlambisha chumvi nyingi asubuhi. Anashikwa na kiu, anakunywa maji, tumbo linajaa ndii. Mnunuzi akija anaona dume la nguvu. Kesho yake limeisha."

"Mtu anaweza kuwafanyia wakwe zake hivyo?"

"Sokoni, sawa. Kwa koito?" Kimutai akatazama nyuma, nyumbani. "Hiyo ikijulikana, hata watoto watakaozaliwa wataimbiwa kwa dharau."

Kwenye kona ya kihori cha kulishia kulikuwa na unga mweupe uliogandamana. Kimutai akaukwangua na kisu, akautia kwenye karatasi.

Pale Chepilat kuna agroveti, duka la dawa za mifugo, la Edinah Bonareri, Mkisii mmoja anayeongea na wateja, anaongea na vifaranga, na wote wakiondoka anaongea na redio. Molly alimwuliza kama anamjua Mzee Robert.

"Mwenyekiti? Alikuja juzi-juzi akanunua dawa ya kuzuia kuharisha. Na chumvi ya ng'ombe, gunia zima. Nikamwambia, mzee, ng'ombe wanahara na wewe unataka kuwapa chumvi tena, unataka wabaki ngozi? Akacheka. Lakini alicheka na meno tu."

"Chumvi inayoitwa salfeti ya sodiamu unaijua?"

"Hiyo si chumvi ya kulambisha, dada yangu. Ni dawa. Ng'ombe akifunga choo siku nyingi, daktari anampa kidogo, inafungua."

"Na ukimpa nyingi?"

"Ukimpa nyingi," akasema Edinah, "usisimame nyuma yake."

Kimutai akacheka, halafu akaona Molly hacheki, akaacha.

Jioni ile ile Mzee Robert aliitwa kituoni. Aliingia amevaa koti lake la kanisa. Molly alikuwa ameweka visahani viwili mezani.

"Keti, mzee."

"Asante, mama."

"Maji ya mtambo alichanganya nani?"

"Mimi. Fancy alinipigia simu kutoka Nairobi, akanielekeza."

"Ulitoa chumvi wapi?"

"Kwa gunia lake."

Molly akasukuma kisahani cha kwanza. "Hii tumetoa kwa gunia lake. Ni chumvi ya ng'ombe." Akasukuma cha pili. "Hii tumetoa kwa kihori cha ng'ombe zako. Si chenga, ni unga. Ni chumvi ya Fancy. Niambie zilibadilishana nyumba vipi."

Mzee akaviangalia visahani. "Watu wanaingia kwa stoo yangu ya chumvi," akasema. "Vijana."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Nani alinunua dawa ya kuzuia kuharisha kwa Edinah?"

"Ng'ombe wakiugua mtu hanunui dawa?"

"Wanne tu ndio waliugua. Wale wanne."

Mzee akakisogeza kisahani cha pili kwa kidole.

"Nani alimwambia Seth afunge kidirisha?"

"Seth amekufa. Maneno ya mtu aliyekufa..."

"Alimwambia mke wake kabla hajafa."

Jasho likaanza kumtoka mzee pale juu ya nyusi, na ofisi ilikuwa baridi. Lakini hakukiri. Molly aliona anaweza kukaa hivyo mpaka kesho, mtu wa heshima ndani ya koti lake. Akavisogeza visahani pembeni.

"Mzee, nikuambie kitu kimoja halafu uende nyumbani. Hii chumvi nilimwonyesha Fancy. Ameijua mara moja. Amejua ni nani. Na amesema niandike ni yeye."

Robert akainua kichwa.

"Kesho asubuhi atasimama kortini aseme ndiyo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema wewe ndiye uliuza ng'ombe akasoma."

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Mzee akataka kuvua kofia, ingawa alikuwa ameivua tayari. Mkono ulikwenda kichwani ukakosa kitu cha kushika, ukarudi chini. Akaanza kulia vile wazee wanavyolia, bila sauti, mabega tu.

"Ng'ombe walikuwa wamekonda," akasema. "Kiangazi kiliwamaliza. Na wazee wale wanakuja, watu wakubwa, na mimi nimejiita mwenyekiti. Nikasema niwape chumvi wanywe maji. Yangu ilikuwa imeisha. Nikaona gunia la mtoto. Ni nyeupe, hainuki, kwangu chumvi ni chumvi. Waliilamba kwa shida, nikaichanganya na unga wa mahindi, wakala yote. Wakanywa maji, wakajaa. Wageni wakaangalia, wakaridhika, wakaondoka. Hata hawajafika barabarani, ng'ombe wakafunguka."

"Ukanyamaza."

"Nitasema nini? Gunia lilikuwa tupu. Nikanunua ya ng'ombe nikajaza. Mtoto akanipigia, nichanganye. Nikachanganya."

"Hapo ulikuwa hujui."

"Hapo sikujua, Mungu ananiona."

"Ulijua lini?"

Kalamu ya Molly ilikuwa imesimama. Kimutai alikuwa amesimama mlangoni.

"Jioni," akasema mzee. "Fancy alikuwa ameshawasha, ameenda kulala amechoka. Nikapita. Nikafungua mlango, ikanipiga hapa kooni. Harufu ya Jik. Nikajua kuna kitu kimeharibika, na nikajua ni ile chumvi, maana kitu kingine hakikubadilika. Nikasimama pale. Nikafikiri, nikimwita Fancy atapima, atauliza chumvi imeenda wapi, na wakwe watasikia. Nikafikiri, watu wanaleta majani ya chai hapo alfajiri, wakinusa watauliza. Nikamwambia Seth afunge kidirisha, harufu isitoke nje. Nilisema asubuhi na mapema nitamwaga yale maji niseme tangi limepasuka."

"Seth alikwambia nini?"

"Alisema, mzee, hewa hii ni mbaya." Akajifuta uso na kofia. "Nikamwambia, wewe vumilia, ni usiku mmoja tu. Akasema sawa, mzee. Alikuwa ananisikia sana, Seth."

Molly akaandika. Aliyaandika maneno ya Seth kwa mzee vile yalivyosemwa, hakupunguza. Alipofika pale pa "sawa, mzee" ilibidi aangalie dirishani kidogo, ambako ukungu ulikuwa unashuka juu ya chai.

"Tutakusomea, uweke sahihi," akasema.

"Mama." Mzee alikuwa amesogea mbele kwenye kiti. "Andika nimeua. Sikatai. Andika nilijua, andika nilimfungia, nifungwe mpaka nife. Lakini ile ya ng'ombe wa koito usiandike. Sema tu nilikosea gunia. Gibson ataoa nyumba gani, ikijulikana baba yake alidanganya wakwe?"

Molly akamwangalia, akidhani amesikia vibaya. Lakini mzee alikuwa anamaanisha. Alikuwa anaomba kama anavyoomba kanisani, kichwa kimeinama upande.

"Mzee," akasema, "Seth amekufa ili hiyo isijulikane. Sasa wewe unaniomba na mimi nifunge kidirisha."

Akageuza ukurasa mpya, akaanza upya kutoka mwanzo. Na mwanzoni kabisa, kabla ya banda, kabla ya maji, kabla ya Seth, akaandika ng'ombe wanne.

Halafu akamtuma Kimutai na ufunguo, amtoe Fancy. Fancy alipita mbele ya mlango wa ofisi, viatu mkononi, akamwona baba yake mdogo kupitia nafasi iliyobaki wazi. Kimutai alitaka kuufunga ule mlango, kwa heshima.

"Uache," akasema Molly. "Hewa iingie."